Msamiati Pevu Mashambani mwa Majani Chai: Mfano wa Kericho na Bomet

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya. Mwanafunzi wa Kericho au Bomet, ambaye aghalabu lugha yake ya kwanza ni Kipsigis, alizoeshwa njia moja ya kukuza msamiati: kukariri orodha za tamathali na kuzimwaga katika insha. Matokeo yake ni mtahiniwa awezaye kuyapamba macheo kwa maneno kumi, lakini asiyeweza kueleza kwa Kiswahili kinachotendeka katika kiwanda cha chai kilicho jirani na kwao.

Lililo bora ni kulifuata neno moja hadi kwenye mzizi na matawi yake. Mashambani, wengi husema 'kuchuna' majani chai. Maana kuu ya kuchuna katika Kiswahili sanifu ni kuambua ngozi. Kutoa majani mawili na chipukizi kwenye mchai ni kuchuma. Hata hivyo, si haki kuliita kosa tumizi lililoenea kiasi hicho. Lastahili kuingizwa kamusini kama la kieneo. Kitenzi 'chuma' nacho kina maana ya pili, yaani kupata faida, na ndiko yalikotoka maneno chumo, mchumi na uchumi. Aliyekwisha kulielewa hili haihitaji kuikariri methali "Mchuma janga hula na wa kwao".

Kiwandani, majani hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa yabadilike rangi kabla ya kukaushwa. Hatua hiyo ya tatu huitwa kuchachua, jina linalopotosha, kwani kinachofanya kazi si hamira bali oksijeni ya hewani ikisaidiwa na vimeng'enya vya jani lenyewe. 'Kuoksidisha' lingefaa zaidi, ijapokuwa halina utamu.

Suala hili haliishii darasani. Mwaka 2023, mashine za kuchumia majani chai zilichomwa moto Kericho kwa sababu ya hofu ya kupoteza ajira. Anayetaka kuzitetea au kuzipinga mashine hizo kwa Kiswahili hana budi kutofautisha ujira na mshahara, fidia na kiinua mgongo, mwajiriwa wa kudumu na kibarua. Kibarua chenyewe, kiasili, ni barua ndogo: kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha kwamba siku hiyo alifanya kazi.