Somo la Mwezi: Maji Safi kwa Macho, Meno ya Kahawia



Tukitembelea vikundi vya Nakuru, Gilgil na Naivasha, tunaona kitu kimoja: watoto wengi wakicheka hufunika mdomo kwa mkono. Meno yao yana madoa ya kahawia. Wenzao wanawacheka, na mama analaumiwa ati hamfundishi mtoto kupiga mswaki. Lawama hiyo si ya haki. Shida iko ndani ya maji.

Ni nini hiyo?
Inaitwa floraidi. Katika Bonde la Ufa, maji hupita kwenye mawe yaliyotokana na volkano na kuyeyusha floraidi iliyomo. Mara nyingi visima virefu ndivyo huwa na nyingi zaidi. Haina rangi, harufu wala ladha. Kidogo husaidia meno, ikizidi inaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita moja, isipite hapo.

Inamdhuru mtoto vipi?
Meno ya kudumu hutengenezwa ndani ya ufizi tangu utotoni mpaka karibu miaka 8. Floraidi ikizidi wakati huo, jino hutoka likiwa na madoa tayari, na mswaki hauwezi kuyaondoa. Akiendelea kunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo huumia na kukakamaa.

Tusidanganyike
Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa sufuria, floraidi inabaki pale pale. Dawa ya klorini pia haiiondoi.

Tufanye nini?
1. Tupime. Kikundi kichangishe pesa, maji ya kisima yapelekwe maabara. Kuonja hakusaidii.
2. Tuvune maji ya mvua, maana yana floraidi kidogo sana. Kama tangi kubwa ni ghali, tuanze na wadogo. Watoto wawili, kila mmoja lita 2 kwa siku za kunywa na uji, ni lita 4. Kwa siku 90 za kiangazi ni lita 360. Mapipa mawili ya lita 200 yanatosha! Yawe safi, yenye vifuniko, yasiwe yaliwahi kubeba dawa za shamba. Maji ya kwanza ya kuosha mabati tuyamwage, na ya kunywa tuyachemshe.
3. Maji ya kisima tutumie kufua, kuoga na kupiga deki.
4. Tuache kutia magadi kwenye maharagwe na mboga, kwani yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Maharagwe tuyaloweke usiku, yataiva haraka.
5. Mtoto mchanga anyonye. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata mama akinywa maji ya kisima.
6. Kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo hunasa floraidi. Lakini mkaa huo huchoka. Usipobadilishwa, ni kama hakuna chujio.

Maswali ya kujadiliana
- Katika kijiji chetu ni watoto wangapi wa chini ya miaka 8, na wanakunywa maji ya wapi?
- Je, mchango wetu wa mzunguko unaweza kununulia kila boma mapipa mawili kabla ya mvua kuanza?

Waliokwisha kupata madoa tusiwacheke. Wadogo wao bado tunaweza kuwakinga.