Mgeni wa Kazi: Somo kwa Vijana Tunaoanza Ajira



Msimu huu wa mavuno hapa Usevya vijana kadhaa wa parokia yetu wamepata kazi. Mmoja yupo kwenye mashine ya kukoboa mpunga, wawili wapo kwenye maduka ya dawa, mwingine anafundisha kwa kujitolea. Tulipokutana VIWAWA Jumapili iliyopita nilitegemea kusikia shukrani, nikasikia woga. Yule wa mashine alisema wazi kwamba mwezi ukiisha anaacha, anaenda Mpanda mjini kutafuta bodaboda ya mkataba, kwa sababu kila siku anaitwa "mgeni" na kila akigusa kitu anapigiwa kelele. Mama yake anaitegemea hiyo hela. Kwa hiyo somo hili nimemwandikia yeye kwanza, ninyi wengine mnasoma pembeni yake.

Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza Besaleli roho yake. Na Besaleli hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi: wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Ujuzi wa mikono, yaani, unatajwa pale kama kipaji cha Roho. Ila mimi napenda zaidi sura ya 35, maana inaongeza kwamba alipewa pia uwezo wa kuwafundisha wengine. Kumbe fundi aliyejaliwa na Mungu ana deni kwa mwanafunzi! Ukimuuliza mkubwa wako kazini swali, humsumbui. Unamkumbusha deni lake. (Chagua wakati tu. Mashine ikiwa inanguruma na foleni ya magunia imefika barabarani, nyamaza kwanza.)

Halafu tuna mtu wetu wa hapa hapa jimboni, ambaye vijana wengi hawamjui: Adrian Atiman wa Karema. Alizaliwa mbali sana, upande wa mto Niger huko Afrika Magharibi, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walimkomboa, na baadaye akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Fikirieni hali yake siku ile. Ngozi yake ni kama ya wenyeji, lakini lugha yao si yake. Amesoma vitabu vya Ulaya, lakini wagonjwa walio mbele yake hawamo kwenye vitabu hivyo kwa majina yao. Hana ndugu hata mmoja pale. Kama kuna mtu aliyestahili kuitwa mgeni wa kazi, ni yeye. Alibaki. Akajifunza lugha, akaoa hapo hapo, akatibu na kufundisha katekisimu kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtoto wake mmoja akawa padre. Cheti chake cha Malta kilimfikisha Karema tu. Kuaminiwa alikupata mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Sasa tushuke kwenye mashine yetu. Sisi VIWAWA tumerithi kwa Padre Joseph Cardijn, Mbelgiji aliyeanzisha utume wa vijana wafanyakazi mwaka 1925, hatua tatu: ona, amua, tenda. Tumezizoea kwenye semina, lakini zinafaa hata kumfundisha mtu kazi. Kijana wetu, wiki hii ona jambo moja tu: yule mzee wa mashine anajuaje kwamba mpunga haujakauka? Anachukua punje, anaing'ata. Ikilainika menoni, anamrudisha mwenye mpunga akaanike tena, maana ukiukoboa hivyo unapata chenga tupu. Basi na wewe ng'ata, sema moyoni umekauka au bado, halafu sikiliza yeye anasemaje. Ukiona mmeanza kulingana mara nyingi, siku moja mwambie kwa sauti kabla hajasema: "Mzee, huu bado." Hapo ndipo watu wanaanza kukuita jina lako. Kujiamini hakuji kwa kusimama mbele ya kioo ukijiambia unaweza. Kunakuja punje kwa punje.

Kuna jambo lingine, na hili ni zito kuliko kelele za bosi. Mgeni wa kazi ndiye anayetumwa kwanza kufanya yasiyofaa, kwa sababu anaogopa kukataa. Utaambiwa uchezee mizani. Utaambiwa upokee gunia la lumbesa na uandike gunia moja. Wa duka la dawa utaambiwa uuze nusu dozi kwa sababu mteja ana hela ya nusu. Sikuahidi kwamba ukikataa hutafukuzwa. Wapo waliofukuzwa. Lakini Kitabu cha Methali, sura ya 11, kinaanza na habari ya mizani ya udanganyifu, na mkulima anayepunjwa pale huenda ni mjomba wako. Kataa kwa heshima, bila hotuba: "Shikamoo bosi, hilo naomba nisilifanye, nipe kazi nyingine." Na usiwe peke yako. Mwambie mlezi wa VIWAWA au mwenyekiti wa jumuiya yako mapema, kabla siku hiyo haijafika. Akifukuzwa mmoja wetu kwa sababu hiyo, ni suala la kikundi kizima, na mfuko wetu mdogo upo kwa ajili ya mambo kama hayo.

Kazi ya wiki: kila mmoja aje Jumapili na jambo moja aliloliona kwa mkubwa wake kazini, na swali moja alilomuuliza. Wale wa maduka ya dawa, tutaanza na ninyi. Wa mashine, njoo na punje chache mfukoni, mbichi na kavu, utufundishe kung'ata.