SOMO: KUBADILI SAUTI ZA MASIKIONI MWA WANAKWAYA KWA MIDI

Somo la robo hii linazihusu hasa sharika zilizokwisha kununua miksa ya dijitali na kuwapa wanakwaya vipokea sauti vya masikioni. Kila mmoja anahitaji mchanganyiko wake. Mpiga ngoma anataka gitaa la besi, sauti ya pili inataka kumsikia kiongozi. Wimbo ukibadilika mahitaji hubadilika, na kijana mmoja aliyekaa nyuma ya kanisa hawezi kurekebisha michanganyiko sita kwa sekunde tano.

Hapo MIDI inasaidia. Ni lugha ya vyombo vya muziki iliyotolewa mwaka 1983. Haibebi sauti, hubeba amri tu. Amri tunayoihitaji ni ya kubadili programu: ina namba kuanzia 0 hadi 127, na miksa ikiipokea huita mpangilio uliohifadhiwa kwa namba hiyo. (Vifaa vingine huhesabu kuanzia 1, kwa hiyo msishangae mkituma 5 ukaja mpangilio wa jirani yake.)

Wakati wa mazoezi, hifadhini mpangilio wa kila wimbo. Kisha unganisheni kinanda au kompyuta na miksa kwa waya wa MIDI wa pini tano, usiozidi mita 15. Si kila miksa inapokea amri hizi, hivyo kamati iulize kabla ya kulipa. Miksa ipangiwe chaneli ambayo kinanda hakiitumii, kwa mfano ya 16. Vinanda vingi hutuma amri hiyohiyo kila mpigaji anapobadili sauti, tuseme kutoka piano kwenda filimbi, na kwaya nzima inaweza kujikuta kwenye mpangilio wa wimbo mwingine katikati ya ubeti.

Jambo linalotupa wasiwasi zaidi ni hili. Mpangilio ukiitwa, kwa kawaida hurudisha kila kitu, pamoja na maikrofoni ya mhubiri na spika kuu. Miksa nyingi zina sehemu ya kukinga visivyotakiwa kuguswa. Kingeni vyote, mbakize tu sauti ziendazo masikioni.

Masikio nayo yalindwe. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda upungue kwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu! Kwa hiyo wekeni kidhibiti cha kiwango cha juu kwenye kila njia ya masikioni, na mjaribu mipangilio yote kabla mtu hajavaa chochote.

Kwa wafadhili wetu: waya ni gharama ndogo kuliko zote. Tungependelea mchango uende kwenye mafunzo ya vijana wawili kwa kila usharika, ili mmoja akisafiri awepo wa kufungua mitambo, na orodha ya namba za nyimbo ibandikwe ukutani karibu na miksa.