SOMO LA KOOPERATIVE: Kuingiza video, sauti na picha katika programu ya montaji



Siku hizi karibu kila kooperative iko na mtu mwenye simu inayopiga video. Wengi wenu mumekwisha kuanza kurekodi kazi za shamba na kuzionyesha katika mikutano. Ni jambo jema, juu mulimaji akiona mulimaji mwenzake anafanya kazi, anaelewa haraka kuliko akisomewa karatasi. Lakini kati ya video zilizo katika simu na filimu ya dakika tano ya kuonyesha watu, kuna hatua moja ambapo kazi nyingi zinapotea: kuingiza mafaili (wengine wanasema fishye) katika programu ya montaji. Somo la leo ni juu ya hatua hiyo.

Tutumie mfano mmoja. Kooperative inataka filimu juu ya mnyauko wa bakteria wa migomba, ugonjwa ambao ulionekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ukasambaa katika Kivu. Tunahitaji kuonyesha majani yanayonyauka na kugeuka manjano, ndizi zinazoiva mbele ya wakati na kuwa na rangi ya kahawia ndani, na maji mazito ya manjano yanayotoka ukikata shina. Halafu tunaonyesha dawa yake: kukata shina linalougua kwa usawa wa udongo, kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda, na kupitisha panga katika moto mbele ya kugusa mgomba mwingine. Mgomba uliokatwa leo hautasimama tena kesho ili tuupige mara ya pili. Mimea haingojei kamera. Kwa hiyo video ikipotea, somo limepotea.

Programu tunayotumia hapa ni Kdenlive. Ni ya bure, inatembea katika Windows na Linux, na ikishawekwa katika ordinatere haihitaji intaneti. Shotcut na OpenShot ni za bure pia, na kanuni tunazofundisha zinafaa kwa hizo vilevile.

1. Programu ni kaye ya depo, si depo

Hili ndilo jambo kubwa la somo. Watu wengi wanafikiri ukiingiza video katika programu, programu inaimeza na kuitunza. Sivyo. Programu inaandika tu mahali video iko.

Fikirini kaye ya depo yetu ya mbegu. Kaye inasema: maharagi, gunia 12, kona ya kushoto. Kaye haina maharagi ndani yake. Mtu akihamisha magunia bila kuandika, kaye itaendelea kusema kona ya kushoto, na ukifika pale utakuta sakafu tupu. Montaji ni vile vile. Ukiingiza video moja kwa moja kutoka karte ya simu ao flashi, halafu ukiondoa karte, siku ya pili programu itakuambia faili haionekani. Na kama karte imefutwa, hakuna dawa tena.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni hii: kopia kwanza, ingiza baadaye.

2. Kutoa mafaili katika simu

Unga simu na ordinatere kwa kable. Kable zingine zinachaji tu, hazipitishe mafaili; kama ordinatere haione simu, jaribu kable ingine. Katika kioo cha simu chagua kuhamisha mafaili, juu simu nyingi zinaanza kwa kuchaji peke yake. Video za Android kwa kawaida ziko katika dosye inayoitwa DCIM, ndani ya Camera.

Angalia nafasi mbele ya kukopia. Video ya kawaida ya simu (1080p) inakula karibu MB 100 hadi 130 kwa dakika moja. Saa moja ya video ni karibu GB 6 hadi 8. Ile ya 4K inakula mara tatu ao zaidi. Kwa filimu ya kijiji 1080p inatosha.

Usipitishe video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. WhatsApp inaifinya ili iwe nyepesi, na madoa madogo ya ugonjwa juu ya jani hayataonekana vizuri tena. Kama hakuna njia ingine, itume kama dokima, si kama video.

Tena, flashi nyingi zimetengenezwa kwa namna inayoitwa FAT32. Hiyo haikubali faili moja inayopita GB 4, hata kama nafasi imebaki nyingi. Flashi ya exFAT inakubali. Kwa hiyo ni vizuri kupiga vipande vifupi vya dakika moja ao mbili kuliko kipande kimoja cha nusu saa.

3. Panga dosye moja kwa kila filimu

Katika ordinatere fungua dosye moja, kwa mfano "Mnyauko_migomba". Ndani yake weka dosye ine: video, sauti, picha, na montaji. Mafaili ya simu yanakuja na majina ya namba tu. Yape majina yanayosema kitu, ukianza na mwaka, mwezi, siku: "2025-03-14_kukata_shina_01". Hivyo yatajipanga yenyewe kwa tarehe.

Fanya kazi hiyo ya majina mbele ya kuingiza. Ukibadilisha jina baadaye, ni kama kuhamisha gunia bila kuandika katika kaye.

4. Kuingiza katika Kdenlive

Hatua ya kwanza: fungua programu, anza projeti mpya, na uisevu palepale katika dosye ya montaji. Usingoje mwisho; umeme hautoi taarifa ukitaka kukatika.

Hatua ya pili: katika menyu ya Projeti chagua kuongeza klipu ao dosye. Unaweza kuchagua mafaili mengi kwa mara moja, ao kuyavuta kwa souris kutoka dosye yake mpaka katika kikapu cha projeti.

Hatua ya tatu: ukiingiza video ya kwanza, programu inaweza kuuliza kama ulinganishe projeti na video hiyo. Kubali, ikiwa video zako zote zilipigwa kwa namna ile ile. Simu ishikwe kwa kulala, si kwa kusimama, ili picha ijaze kioo.

Hatua ya ine: ingiza sauti na picha. Sauti ya msimulizi inaweza kuwa .m4a ao .mp3, sauti za WhatsApp ni.opus. Picha ni .jpg. Zote zinaingia kwa njia moja na video.

5. Shida na dawa yake

Sauti haifuatane na mdomo. Simu nyingi hazipigi idadi moja ya picha kwa kila sekunde. Kdenlive ikiona hivyo, inakuomba ruhusa ya kugeuza faili iwe rahisi kwa montaji. Kubali. Faili mpya itakuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa hiyo acha nafasi.

Video inakwamakwama. Ordinatere iko na nguvu kidogo. Washa "proksi" katika mipango ya projeti: programu inatengeneza kopi ndogo za kufanyia kazi, na mwishoni filimu inatolewa kwa video za asili.

Programu inasema faili haionekani. Usifunge kwa hasira na usifute kitu. Programu inakupa nafasi ya kutafuta. Ionyeshe dosye ambamo faili iko sasa.

Unataka kupeleka kazi kwa ordinatere ingine. Usibebe faili ya projeti peke yake, hiyo ni kaye tupu. Tumia kazi ya kuarshivu projeti, inayokusanya mafaili yote pamoja.

6. Mbele ya kufuta simu

Mwenye simu atataka nafasi yake, na ni haki yake. Lakini kwanza fanyeni mambo matatu. Hesabuni: mafaili ya simu na ya ordinatere yawe sawa kwa idadi na kwa uzito. Fungueni kila video, muangalie mwanzo, katikati na mwisho. Kisha muweke kopi ya pili katika diski ya inje, ikae nyumba ingine kuliko ordinatere. Hatuweki mbegu zote katika nyungu moja.

Maulizo ya kuzungumuzia katika kikundi

- Kwa nini haifai kuingiza video moja kwa moja kutoka karte ya simu?
- Tuko na dakika 40 za video ya 1080p. Flashi ya GB 4 itatosha?
- Katika kooperative yetu, nani atatunza ordinatere, na nani atatunza diski ya kopi?

Ulizo la mwisho lijibiwe kwa majina, na majina yaandikwe katika kaye ya kooperative. Kitu cha watu wote bila mtunzaji ni kitu cha kupotea.

Kazi njema, na mavuno mema.