Jani Likichelewa Kudondoka: Je, Majira Yamehama?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darasa la toleo hili limetokana na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa Uingereza kwa masomo ya mwaka mmoja, mjomba wangu aliyeko Rumonge akanipigia simu. Ilikuwa Septemba, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu. Nipande au ningoje?" Nikamjibu palepale, "Panda, mjomba. Majira yamebadilika, siku hizi mvua zinawahi." Akapanda maharage shamba zima. Mvua ikakatika wiki tatu. Maharage yaliota, yakanyauka.

Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: "Hivi, ulijuaje kwamba majira yamehama?"

Sikuwa na jibu. Mwishoni mwa Novemba bado nilikuwa nalo swali hilo kichwani. Siku moja nikienda msikitini, nilipita chini ya miti ambayo wenyeji walisema ilipaswa kuwa imebaki matawi matupu. Majani mengi yalikuwa bado juu, mengine ya manjano, mengine ya kijani. Mzee mmoja wa msikitini akaniambia, "Majira yamehama." Nikajiuliza: na huyu je, amejuaje?

Jani linadondokaje?

Majira hayo huitwa mapukutiko. Vitabu vingine huandika vuli, lakini neno hilo kwa wengi wetu ni jina la mvua, kwa hiyo tuliache.

Tusidhani jani linadondoka kwa sababu upepo umeling'oa. Mti wenyewe ndio unaoliachia. Siku zinapokuwa fupi na baridi ikianza, mti huvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kurudisha naitrojeni na virutubisho vingine kwenye matawi na shina. Rangi ya manjano inayoonekana ilikuwamo tangu mwanzo, imefichwa na kijani. Ile nyekundu kwa kawaida hutengenezwa upya wakati huo. Kisha mahali kikonyo kinapoungana na tawi panajengwa tabaka la seli dhaifu. Hapo ndipo jani linapokatika, na kidonda kinazibwa. Wakati wa baridi kali mwanga ni kidogo na maji ni shida kupatikana ardhini, kwa hiyo kubaki na majani ni hasara.

Hata kwetu mkungu hufanya hivyo: majani yake huwa mekundu kabla ya kupukutika. Ila wenyewe hauongozwi na baridi. Mara nyingi hupukutisha wakati wa kiangazi.

Aya ya 59 ya Suratul An'aam inatufundisha kwamba elimu ya Allah inalifikia hata jani moja linaloanguka. Elimu yetu sisi haifiki huko. Ndiyo maana tunahitaji kuhesabu, kuandika na kuhakiki. Tangu siku ile nimejiwekea maswali matatu.

Swali la kwanza: ni majira au ni kalenda?

Nilipomuuliza mjomba kwa nini naye aliona majira yamehama, alisema, "Zamani Ramadhani na mvua za kupandia vilikuja pamoja. Sasa vimeachana."

Anasema kweli, lakini huo si ushahidi. Mwaka wetu wa Hijria una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Mwezi wa Ramadhani huzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Mwaka 1975 Ramadhani ilianza Septemba. Mjomba alikuwa kijana. Mwaka 2008 ikaanza tena Septemba. Mwaka 2024 ilianza Machi. Kilichotembea ni mwezi, mvua haikuhusika.

Majina ya miezi yenyewe ni ushahidi. Rabi'ul Awwal, Mfunguo Sita wetu, limo neno la Kiarabu linaloitwa majira ya machipuko, lakini mwezi huo unaweza kuangukia wakati wowote wa mwaka. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakiahirisha miezi mitukufu, na Suratut Tawba, aya ya 36 na 37, ikalikataza jambo hilo. Ibada zetu zikafuata mwezi. Kilimo kilihitaji hesabu ya jua, na ndiyo maana wazee wa pwani ya Waswahili, Waislamu kama sisi, walihesabu pia mwaka wa Nairuzi wa siku 365, kwa miongo ya siku kumi kumi, ili wajue wakati wa kupanda na wa kusafiri baharini.

Kwa hiyo, mtu akikuambia majira yamehama, muulize kwanza: unapima kwa kalenda gani?

Swali la pili: ni mwaka mmoja au miaka mingi?

Mzee wa msikitini aliona Novemba moja. Mimi niliona mvua ya siku tatu. Hali ya hewa ya mwaka mmoja hupanda na kushuka. Majira hujulikana kwa miaka mingi ikiwekwa pamoja.

Wapo walioandika. Robert Marsham, mwenye shamba wa Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za machipuko: siku miti inapotoa majani, ndege wanapofika. Kizazi chake kikaendelea hadi 1958. Huko Kyoto, Japani, kumbukumbu za kuchanua kwa maua ya mcheri zinarudi nyuma hadi karne ya 9. Mwaka 2021 yalichanua kikamilifu tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa kabla yake. Mwaka huo mmoja peke yake usingethibitisha kitu. Una uzito kwa sababu nyuma yake kuna zaidi ya miaka elfu moja ya kulinganisha nao, na kwa sababu miaka iliyoutangulia nayo ilikuwa ikielekea huko huko.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Mimi nilisahau kwamba hata utabiri wa mvua ni habari.

Swali la tatu: kinachosukuma ni nini?

Mti husoma mambo mawili makubwa: urefu wa mchana na joto. Huko London mchana wa Juni hupita saa 16, na wa Desemba haufiki saa 8. Mwishoni mwa Novemba Maghrib ilitukuta kama saa kumi jioni, wakati ambao kwetu mtu ndiyo kwanza ametoka kuswali Alasiri. Bujumbura tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki nusu saa.

Sasa tazameni: urefu wa mchana wa tarehe fulani haubadiliki mwaka hadi mwaka. Kama mti ungefuata mwanga tu, ungepukutisha wakati uleule daima. Basi ukionekana kuhama miaka mingi mfululizo, kinachosukuma lazima kiwe kingine. Na joto limepanda kweli: muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko miaka ya 1850 hadi 1900, dunia nzima kwa wastani.

Lakini msikimbilie kusema "joto likizidi, majani huchelewa," mkaishia hapo. Joto la mwisho wa kiangazi na la mapukutiko mara nyingi huyachelewesha. Ila utafiti wa miti ya Ulaya ya Kati uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mti uliotengeneza chakula kingi mapema katika mwaka huweza kuzeesha majani yake mapema. Ukame nao huharakisha. Julai 2022 Uingereza ilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze, na Agosti miti mingi ikaanza kuacha majani, kana kwamba Novemba imefika. Dunia inapata joto, na jani linaweza kuchelewa au kuwahi.

Kurudi Rumonge

Niliporudi nyumbani nilimwomba mjomba radhi, nikamwambia ukweli: kwamba dunia inapata joto, nina uhakika, kwamba mvua ya Septemba ya shamba lake imehama, sikuwa na haki ya kusema, kwa sababu hakuna aliyeipima pale. Tukakubaliana mambo mawili. Asipande shamba zima kwa mvua ya kwanza. Apande sehemu, angoje udongo ulowe chini, kisha apande sehemu nyingine. Na tuweke kopo la kupimia mvua, mbali na miti na paa.

Sasa anaandika kila asubuhi baada ya Alfajiri, katika daftari lilelile la madeni ya mawese. Ukurasa wa kushoto wanaodaiwa, wa kulia mvua. Juzi alinionyesha akasema, "Hawa wa kushoto wananidanganya. Wa kulia bado sijui."

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Taja jambo moja ambalo wazee wa kwenu husema kuhusu majira. Je, linapimwa kwa mwezi au kwa jua?
2. Suratu Yunus, aya ya 5, inataja jua na mwezi pamoja na hesabu ya miaka. Tunazitumiaje hesabu zote mbili leo?
3. Mkulima akikuuliza, "Nipande?", utamjibu nini, na utajuaje?

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.