Maswali na Majibu: Kanuni za Nyumbani katika Dungeons & Dragons

Swali la 1: Kanuni ya nyumbani ni nini?
Jibu: Ni kanuni ambayo kikundi cha wachezaji wa mchezo huu kimejitungia chenyewe, ama haimo katika kitabu cha kanuni, ama inakwenda kinyume na kilichomo. Nguvu yake inaishia kwenye meza ya kikundi hicho. Ukihamia kikundi kingine, uliza kwanza.

Swali la 2: Je, ni udanganyifu?
Jibu: Hapana, na anayejibu "ndiyo" hajui mchezo huu ulikotoka. Dave Arneson, mmoja wa waasisi wake, alikuwa akichezesha kampeni yake ya Blackmoor huko Minnesota, Marekani, kwa kanuni alizokuwa akizitunga kadiri mchezo ulivyokwenda. Baadaye akamwonyesha Gary Gygax, mwasisi mwenzake, na mwaka 1974 wakatoa vijitabu 3 vya kanuni za mchezo huu, vyenye mapengo mengi, huku wachezaji wakihimizwa kuyaziba kwa akili zao.

Swali la 3: Taja kanuni ya nyumbani iliyokuja kuwa rasmi.
Jibu: Kunywa dawa ya uponyaji. Katika toleo la mchezo la 2014, aliyekunywa dawa kwa kawaida hakuweza kupiga katika zamu hiyo. Tuseme mpiganaji amebakiwa na pointi 3 za uhai. Anakunywa, anapata 7, zinakuwa 10. Zimwi linashusha rungu, pointi 13, naye yuko chini. Zamu imepotea na dawa imepotea. Vikundi vingi vikaamua anywe na apige zamu hiyohiyo, na toleo la 2024 likaruhusu hivyo.

Swali la 4: "Dadu ya pande 20 ikiangukia 1, upanga umponyoke mpigaji." Jadili.
Jibu: Usijibu kabla hujapiga hesabu. Kwa pigo moja, yaani kutupa dadu mara moja, uwezekano ni asilimia 5. Mpiganaji wa ngazi ya 5 hupiga mara 2 kwa zamu, hivyo ni karibu asilimia 10. Wa ngazi ya 20 hupiga mara 4, na uwezekano unapita asilimia 18. Yaani fundi anaangusha upanga mara nyingi kuliko mwanagenzi! Mchawi naye, akirusha moto ambao adui ndiye anayetupa dadu ili kuukwepa, kanuni hii haimgusi kabisa. Ni kanuni mbaya, hata kama inawachekesha watu. Kikundi kikiing'ang'ania, basi ihusu pigo la kwanza la zamu peke yake.

Swali la 5: Kanuni mpya itangazwe lini?
Jibu: Kabla dadu haijatupwa. Mchezaji aliyepanda juu ya paa kwa zamu mbili ili amrukie adui, kisha akaambiwa akiwa hewani kwamba "hapa kwetu kuruka hakuongezi nguvu", ameonewa. Likizuka jambo ambalo hamkulifikiria, mwendeshaji wa mchezo aamue papo hapo, mchezo uendelee, na mlijadili mkishamaliza. Mkikubaliana, liandikeni kwenye karatasi, na karatasi hiyo iwe mezani kila mnapokutana.