Vipimo vya Figo kwa Mgonjwa Mahututi Anayesafishwa Damu: Namba Zinasema Nini?

Ndugu wanaomwuguza mgonjwa mahututi hutuuliza mara kwa mara: "Jana kipimo cha figo kilikuwa juu, leo kimeshuka. Je, figo zimepona? Mashine iondolewe?" Swali hili ni zito. Kila awamu ya kusafisha damu ina gharama zake na humchosha mgonjwa, lakini kuiacha kabla ya wakati kunaweza kuhatarisha uhai wake. Katika sehemu hii tunaeleza kwa nini namba iliyoshuka si ushahidi wa kupona, na mambo gani yaulizwe.

Kipimo kilichozoeleka

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zenye afya huitoa kwa njia ya mkojo. Zinapoumia ghafla, hujikusanya katika damu. Kwa mujibu wa miongozo ya kimataifa ya mwaka 2012, figo huhesabiwa kuwa zimeumia ghafla iwapo kreatinini imepanda kwa mikromoli 26.5 au zaidi kwa lita ndani ya saa 48, au imefikia mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku 7. Dalili nyingine ni mkojo kuwa chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa 6. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni chini ya mililita 30 kwa saa.

Mashine hubadilisha hesabu

Chembe ya kreatinini ni ndogo sana, hivyo hupenya kwa urahisi utando wa kichujio cha mashine. Tuchukue mfano wa kufikirika: kreatinini ilikuwa 800 kabla ya awamu ya saa 4, ikawa 350 baadaye. Hapo iliyofanya kazi ni mashine. Figo huenda hazikufanya lolote, na namba itapanda tena kabla ya awamu inayofuata. Kwa mgonjwa aliyeunganishwa na mashine usiku na mchana, namba inaweza kubaki chini siku zote ilhali figo bado zimelala.

Iko sababu ya pili. Mgonjwa aliyelala kitandani kwa majuma hupungukiwa misuli, na misuli ikipungua, kreatinini inayozalishwa hupungua pia.

Je, vipimo vipya vinaaminika zaidi?

Baadhi ya hospitali hupima protini kama vile sistatini C na NGAL. Chembe zake ni kubwa kuliko kreatinini, lakini ukubwa huo haumalizi tatizo. Vichujio vyenye matundu mapana hupitisha sehemu ya protini hizo, na nyingine hunasa kwenye utando wenyewe. Aidha, NGAL hupanda pia mgonjwa anapokuwa na maambukizi makali, na sistatini C huathiriwa na baadhi ya dawa, zikiwamo zile za jamii ya steroidi.

Protini zinapopimwa katika mkojo, mashine haizichuji moja kwa moja. Hata hivyo, kipimo hicho huhitaji mkojo, na wagonjwa wengi wa aina hii hutoa kidogo sana au hawatoi kabisa. Kwa hiyo, hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake kuamua kwamba mashine iondolewe.

Dalili zenye uzito zaidi

Madaktari huangalia mambo kadhaa kwa pamoja:

1. Mkojo unaongezeka siku hadi siku. Mkojo unaozidi takribani mililita 400 kwa siku, bila dawa za kuongeza mkojo, ni dalili njema.
2. Kreatinini haipandi sana kati ya awamu moja na nyingine, au inashuka yenyewe mashine ikiwa imesimamishwa.
3. Mkojo uliokusanywa kwa saa maalumu unapopimwa, unaonyesha kwamba figo zinatoa kreatinini.

Maswali ya kumwuliza daktari

- Damu hii ilichukuliwa kabla ya awamu, wakati wa awamu, au baada yake?
- Mgonjwa ametoa mkojo kiasi gani kwa saa 24 zilizopita? Je, amepewa dawa ya kuongeza mkojo?
- Namba hii inalinganishwa na ipi, na ile ilichukuliwa wakati gani?
- Mashine ikisimamishwa kwa majaribio, mtamfuatilia vipi, na ni dalili zipi zitawafanya muirudishe?

Kumbuka

Msiombe mashine iondolewe kwa sababu ya karatasi moja ya maabara, wala msikate tamaa kwa sababu ya namba moja iliyopanda. Iwapo gharama ndiyo inayowalemea, mwelezeni daktari na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, ili uamuzi juu ya mashine utokane na hali ya figo za mgonjwa.